Sanduku la Maswali: Shajara ya Wiki Kumi

Wiki ya 1, Jumatatu

Leo sanduku limetundikwa. Ni la mbao, lina mdomo mwembamba juu na kufuli ubavuni, na tumeliweka kwenye ukuta wa ukumbi mkabala na ofisi ya walimu ili kila apitaye alione. Mpango wenyewe ni mwepesi kuueleza. Mwanafunzi anaandika swali lolote linalomvutia au kumnyima raha, haandiki jina, anatumbukiza. Ijumaa tunafungua. Wiki inayofuata timu inatafuta majibu, na Ijumaa yake yanabandikwa kwenye gazeti la ukutani mlangoni mwa maktaba.

Timu ina wanafunzi saba wa vidato tofauti, pamoja nami niliye mkutubi. Muuguzi wa shule amekubali kusoma kila jibu la afya kabla halijabandikwa. Bila yeye nisingethubutu kuanza.

Kwa mwaka mzima nimekuwa nikiwasikia watoto hawa wakinong'onezana kati ya rafu. Msanii kaanguka jukwaani, kapatwa na nini? Chunusi hizi zitaisha lini? Ile video ya kiongozi anayeimba ni ya kweli? Majibu wanayaokota kwenye video za nusu dakika, na mara nyingi huondoka na hofu ambayo hawakuja nayo.

Wiki ya 1, Ijumaa

Karatasi tisa. Tatu ni michoro, moja inauliza matokeo ya mechi. Swali lililoshangiliwa na timu nzima limeandikwa kwa penseli, mwandiko umelalia kushoto: "Mtu anaweza kukaa siku ngapi bila kulala?"

Tumelichagua liwe la kwanza. Lina rekodi, lina sayansi, na watoto wanapenda rekodi.

Wiki ya 2, Alhamisi

Rasimu imekamilika. Mhusika mkuu ni mwanafunzi kama wao: Randy Gardner, kijana wa miaka 17 wa San Diego, Marekani, ambaye kati ya Desemba 1963 na Januari 1964 alikaa saa 264 na dakika chache bila kulala, yaani siku 11 na ushei. Ulikuwa mradi wa maonyesho ya sayansi ya shule. Rafiki zake walikuwa wakimkesha kwa zamu, na William Dement, mtafiti wa usingizi wa Chuo Kikuu cha Stanford, akaenda kumfuatilia. Alipolala hatimaye, alilala muda wa saa 14 hivi.

Mchoraji wetu amechora kijana mwenye macho mekundu akizungukwa na saa za ukutani. Inavutia. Nimempelekea muuguzi akasoma mara mbili, akaniambia, "Habari ni sahihi. Lakini kwa mtoto wa miaka 15 hii ni changamoto, si onyo."

Nilimwelewa, nikaongeza aya moja chini: kwamba kijana yule kadiri siku zilivyopita alikuwa na hasira, alisahau mambo na akaona visivyokuwapo, kwamba Guinness World Records haipokei tena majaribio ya rekodi hiyo kwa sababu ya hatari zake, na kwamba Gardner mwenyewe, alipokuwa mtu mzima, alieleza hadharani kuwa alisumbuliwa na kukosa usingizi kwa miaka. Tukabandika.

Wiki ya 2, Ijumaa

Kundi kubwa mbele ya ubao wakati wa mapumziko. Mvulana mmoja wa kidato cha pili akatamka kwa sauti, "Mwalimu, mimi naivunja hii." Wenzake wakacheka. Aya yangu ya chini ilikuwa pale pale, kwa herufi ndogo. Hakuna aliyeisoma.

Ndipo nilipoona kosa. Habari ya hatari tuliiweka mahali pa kuhifadhia, na habari ya ushujaa tukaipa mchoro. Kuanzia sasa, lile ambalo msomaji lazima aondoke nalo ndilo litakaloandikwa kwa kalamu nene.

Karatasi za leo ni saba.

Wiki ya 3, Jumanne

Msichana mmoja wa timu amenieleza kitu nilichopaswa kukiona mapema. "Shikamoo, Mwalimu. Sanduku liko mbele ya ofisi. Nikiwa na swali la mwili wangu, nitalitumbukiza mkuu wa nidhamu akinitazama?"

Tumelihamisha leo hii. Sasa liko ndani ya maktaba, nyuma ya rafu ya atlasi, ambako mtu anaweza kusimama dakika moja bila kueleza anafanya nini. Nimeweka pia penseli na vipande vya karatasi hapo hapo, vyote vya ukubwa mmoja, ili kipande cha daftari kisimtambulishe mtu.

Wiki ya 3, Ijumaa

Karatasi 41.

Nimezihesabu mara mbili. Karibu nusu ni za afya, na nyingi kati yake ni maswali ambayo yangeulizwa wiki ya kwanza kama sanduku lingekuwa mahali pake. Chunusi peke yake zina maswali sita, na manne kati ya hayo yanauliza jambo moja kwa maneno tofauti: je, ni uchafu? Mmoja ameandika kwamba ananawa uso mara nane kwa siku. Mara nane! Ngozi ya mtoto huyo inachubuka kwa ajili ya kosa ambalo hajalitenda.

Chunusi hazingojei Ijumaa ijayo. Muuguzi ameandika jibu papo hapo, nami nimelibandika kwa kalamu nene: chunusi si uchafu. Wakati wa balehe homoni huzifanya tezi za ngozi zitoe mafuta mengi, vinyweleo vinaziba, na bakteria ambao kwa kawaida huishi kwenye ngozi wanapata mahali pa kustawi. Kunawa mara mbili kwa siku kwa sabuni laini kunatosha. Kusugua kunaongeza uvimbe. Zikiacha makovu, au zikikufanya ukwepe watu, zina dawa, na kuziomba si kujipodoa.

Mwandiko uleule wa penseli umerudi pia: "Ni kweli wasanii wakubwa wanalala saa tatu tu kwa usiku?" Tumeliweka kwenye fungu la utamaduni wa kisasa.

Wiki ya 4, Ijumaa

Wiki ya utamaduni wa kisasa, ambayo timu imeingojea kwa hamu. Mawili yamebandikwa.

La kwanza ni la sauti za wanamuziki zinazosikika kama za roboti. Wengi waliamini ni kipaji cha koo, wengine waliamini ni udanganyifu. Ukweli una safari ndefu zaidi. Programu iitwayo Auto-Tune ilitoka mwaka 1997, na aliyeibuni, Andy Hildebrand, alikuwa mhandisi aliyefanya kazi ya kuchambua mawimbi ya mitetemo ya ardhini katika utafutaji wa mafuta. Hesabu zinazosaidia kusoma mwangwi wa miamba ndizo alizozigeuza zipime sauti ya mwimbaji na kuivuta kwenye noti iliyo karibu. Ilikusudiwa isahihishe kimyakimya. Mwaka 1998 Cher akatoa "Believe", ambamo programu hiyo ilibanwa mpaka mwisho kwa makusudi, na kilichokuwa chombo cha kuficha kasoro kikawa mtindo. Vijana wawili wa timu wamebishana siku tatu kama mwimbaji wa namna hiyo bado anaimba. Mimi nasema anaimba. Aliyepiga kinanda cha umeme naye alipiga kinanda.

La pili limetugharimu masahihisho. Tuliandika kuwa emoji za kwanza duniani zilichorwa na Shigetaka Kurita wa Japani mwaka 1999, picha 176, kila moja ya nukta 12 kwa 12. Mtoto wa kidato cha kwanza, ambaye hata si wa timu, amekuja na simulizi tofauti: kampuni nyingine ya simu ya Japani, iliyokuja kuwa SoftBank, ilikuwa na seti ya picha 90 kwenye simu moja tangu mwaka 1997. Tumekagua vyanzo viwili visivyotegemeana na mtoto yuko sahihi. Za Kurita ndizo zilizoenea, na ndizo zilizochukuliwa na jumba la makumbusho la MoMA la New York mwaka 2016, lakini kuenea si kutangulia.

Hatukubandua karatasi ya kosa. Tumeipiga mstari mmoja mwekundu na kuweka sahihisho pembeni, watu waone tulikotoka. Na jambo la kuvutia zaidi tulilijua wakati wa kukagua: neno lenyewe halina uhusiano na neno la Kiingereza la hisia. Ni Kijapani, "e" ikiwa picha na "moji" ikiwa herufi. Yule mtoto wa kidato cha kwanza sasa ni mwanafunzi wa nane wa timu.

Wiki ya 5, Jumatano

Swali hili limenishika tangu Ijumaa: "Kuna video za watu wanaoruka shingo na kupiga kelele bila kutaka. Rafiki yangu amezitazama sana na sasa naye anaruka shingo. Nikimtazama yeye, nitaambukizwa?"

Kwenye fungu la burudani halifai, na la afya peke yake halilitoshi. Wanatimu wawili waliliona la kuchekesha. Nikawaomba walisome tena kwa sauti, polepole, kana kwamba aliyeliandika amekaa nasi. Hawakucheka mara ya pili.

Tumeanzia mbali. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya bweni ya wasichana ya misheni huko Kashasha, karibu na Bukoba, Tanganyika ikiwa haijatimiza hata miezi miwili ya uhuru, wasichana watatu walianza kucheka wakashindwa kujizuia. Kicheko kikageuka kilio, kilio kikageuka mahangaiko, kikapoa, kikarudi. Kwa wengine vipindi hivyo vilidumu saa chache, kwa wengine hadi siku 16. Kufikia tarehe 18 Machi, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa, na shule ikafungwa. Wasichana wakarudishwa makwao, na hali hiyo ikajitokeza katika vijiji na shule nyingine. Huko Nshamba peke yake walipatwa watu 217, wengi wao vijana. Madaktari wawili, Rankin na Philip, walitafuta vijidudu, wakatafuta sumu, hawakupata. Mwaka 1963 wakachapisha taarifa yao. Hakuna aliyekufa. Na hakuna mwalimu hata mmoja aliyepatwa.

Mstari huo wa mwisho ndio uliowanyamazisha vijana wangu. Mmoja akauliza, "Kwa hiyo walikuwa wanaigiza?"

Hapana, na hili tumelijadili kwa saa nzima. Mtu anayeigiza anaweza kuacha shule inapofungwa na mzazi anapolia. Hawa hawakuweza. Watafiti waliopitia upya kisa hiki wamekihusisha na shinikizo: watoto wa bweni, sheria ngumu, matarajio mazito, na hakuna mlango wa kusema "nimechoka". Mwili ukasema badala yao, na mwili wa mmoja ukaonyesha njia kwa mwili wa mwingine. Waliopatwa ni wale waliokuwa chini ya mzigo uleule. Walimu walikuwa jengo moja nao, lakini hawakuwa chini ya mzigo huo.

Mtandaoni kisa hiki husimuliwa kama kichekesho, kwamba kijiji kizima kilicheka miezi bila kupumzika mpaka watu wakafa. Ni uongo, na unaniudhi kwa namna ya pekee, maana unawageuza watoto waliokuwa wakiteseka kuwa mzaha.

Kutoka hapo tumekuja hadi miaka yetu. Kati ya 2020 na 2021, shule zikiwa zimefungwa kwa sababu ya korona, madaktari wa mishipa ya fahamu katika nchi kadhaa, zikiwemo Ujerumani, Uingereza, Kanada na Marekani, waliona vijana wengi, hasa wasichana, wakija na mishtuko ya ghafla ya mwili na kupayuka maneno. Wengi walikuwa wametazama sana video za watu wenye hali hizo. Madaktari waliona inatofautiana na ugonjwa wa Tourette wa kawaida, yaani ule wa mishtuko ya mwili na sauti zisizozuilika, ambao huanza taratibu utotoni, mara nyingi kati ya miaka minne na sita, na huwapata zaidi wavulana. Hii ilianza ghafla, katika ujana, na mara nyingi kwa watu waliokuwa tayari na wasiwasi au huzuni.

Wiki ya 5, Ijumaa

Jibu lililobandikwa, kwa kalamu nene: "Hakuna kijidudu kinachotoka kwenye video wala kwa rafiki yako. Lakini mwili ulioelemewa unaweza kujifunza dalili kwa kuitazama, na dalili hiyo ni ya kweli kwa anayeipata. Rafiki yako haigizi. Usimrekodi, usimcheke, usimwambie aache. Mpunguzie video hizo, na nenda naye kwa muuguzi. Hali hii hupona, hasa kinachomwelemea kinaposikilizwa."

Sentensi ya "usimrekodi" ni ya mwanatimu mdogo kuliko wote. Muuguzi ameisifu.

Wiki ya 6, Ijumaa

Karatasi 36. Tumejibu mengi kwa mkupuo, mengine kwa mistari miwili.

Hedifoni: Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha salama kwenye desibeli 80, kipimo cha ukubwa wa sauti, kwa saa 40 kwa wiki. Ukipandisha hadi 90, muda unashuka hadi saa nne tu kwa wiki, si kwa siku. Desibeli hazipandi kama ngazi za nyumba. Kumi zaidi ni nguvu ya sauti mara kumi. Seli za ndani ya sikio zikishakufa hazioti tena.

Sigara za kielektroniki: wanafunzi wengi wanaamini ni mvuke wa maji. Si maji. Nyingi zina nikotini, na ubongo wa kijana huikamata nikotini upesi kuliko wa mtu mzima. Mwaka 2019 Marekani ilikumbwa na wimbi la madhara makali ya mapafu kwa wavutaji wa vifaa hivi. Kufikia Februari 2020 walikuwa wamehesabiwa watu 2,807 waliolazwa au kufariki, vifo vikiwa 68. Vingi vilihusishwa na mafuta ya vitamini E yaliyochanganywa kwenye bidhaa za bangi. Tumeandika hilo la bangi wazi. Tukilificha, mwanafunzi akaligundua mwenyewe, hatatuamini tena hata kwenye nikotini.

Kidoli cha Labubu: kwa nini watu wanapigana foleni kwa ajili yake? Kilichorwa na msanii Kasing Lung mwaka 2015, na kampuni ya Pop Mart ikaanza kukiuza mwaka 2019 ndani ya maboksi yaliyofungwa, mnunuzi asijue atapata kipi. Mwanasaikolojia B. F. Skinner alionyesha miongo mingi nyuma, kwa njiwa na panya, kwamba zawadi inayokuja bila mpangilio humfanya mnyama abonyeze kitufe kwa bidii kuliko zawadi ya uhakika. Timu imependa kuunganisha boksi hilo na kidole kinachovuta skrini kutafuta video inayofuata. Wameyaona wenyewe, sikuwaonyesha.

Vinywaji vya kuongeza nguvu: swali la penseli tena. "Enaji ikinywewa na mtu ambaye tayari halali, nini hutokea?" Tulitafuta takwimu haraka. Kopo la mililita 250 kwa kawaida lina miligramu 80 hivi za kafeini. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya inaona miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito kwa siku hazina shaka kwa watoto na vijana, kwa hiyo mwenye kilo 50 anafikia ukomo kwa 150, pungufu ya makopo mawili. Kafeini haimpi mtu nguvu; inaziba mahali ambapo ubongo unasikia uchovu, na baada ya saa tano hivi nusu yake bado imo mwilini.

Tukabandika. Nilikwenda nyumbani nimeridhika.

Wiki ya 7, Jumapili usiku

Nimeshindwa kusubiri kesho kuandika. Nilikuwa napanga karatasi za wiki zote kwenye bahasha kwa mada, na kwa bahati tu zile tatu za penseli zikaangukiana mezani.

"Mtu anaweza kukaa siku ngapi bila kulala?"

"Ni kweli wasanii wakubwa wanalala saa tatu tu kwa usiku?"

"Enaji ikinywewa na mtu ambaye tayari halali, nini hutokea?"

Mwandiko mmoja, umelalia kushoto. Tuliziweka kwenye mafungu matatu: rekodi, utamaduni wa kisasa, vinywaji. Mtoto amekuwa akitwambia jambo moja kwa wiki sita, na sisi tukamjibu kwa kijana wa San Diego na kikokotoo cha miligramu.

Wiki ya 7, Jumatatu

Kikao kizito kuliko vyote. Mwanatimu mmoja akapendekeza tulinganishe mwandiko na madaftari ya darasani. Ingechukua mchana mmoja. Nakiri wazo hilo nilikuwa nimelala nalo.

Msichana aliyetufanya tuhamishe sanduku akasema, "Tuliahidi. Tukimtafuta huyu, kesho hakuna atakayeandika." Mwingine akajibu kwa uchungu, "Na akizidiwa kabla ya hiyo kesho?"

Muuguzi alitutengenezea mpaka, na ninauandika hapa ili usisahaulike. Karatasi ikisema mtu anataka kujidhuru, au anadhuriwa na mtu mwingine, ahadi ya siri inavunjwa siku hiyo hiyo na anatafutwa, na hilo litaandikwa juu ya sanduku ili kila mtu alijue kabla hajaandika. Karatasi hizi tatu hazisemi hivyo. Zinasema mtu halali na anaogopa. Kwa huyo, tutajibu tena, na safari hii tutamjibu yeye.

Wiki ya 7, Ijumaa

Tumebandua jibu la wiki ya pili pamoja na mchoro wake. Mahali pake tumeweka hili, limeandikwa na timu yote, muuguzi akalisahihisha:

"Kwa aliyeuliza kuhusu kutolala. Vijana wa miaka 13 hadi 18 wanahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10. Kama huupati, huenda si uvivu wala ukaidi: wakati wa balehe, homoni ya usingizi huanza kutoka usiku zaidi kuliko utotoni, na wasiwasi huisukuma mbele zaidi. Amka saa ileile kila siku, hata kama ulilala vibaya. Ukikaa kitandani kama dakika 20 bila kulala, ondoka, kaa penye mwanga hafifu ufanye jambo tulivu, rudi usingizi ukija. Kinachokusumbua kiandike jioni, kabla ya kulala, ukiache kwenye karatasi. Enaji itakopa usingizi wa kesho kukulipa leo. Kama hali hii inakupata usiku tatu au zaidi kwa wiki na haikomi, ina tiba yake, na tiba inayopendekezwa kwanza si vidonge bali kubadili mazoea na fikra kwa kusaidiwa na mtaalamu. Muuguzi atakuwa kwenye meza ya kona ya maktaba kila Jumanne na Alhamisi baada ya masomo. Hatauliza jina. Unaweza kuanza kwa kusema: nimekuja kwa sababu ya ubao."

Sentensi ya mwisho ni ya mwanatimu aliyetaka tutafute madaftari.

Wiki ya 8, Alhamisi

Habari za dunia sasa. Tangu tarehe 10 Desemba 2025, Australia imezitaka kampuni za mitandao ya kijamii kuwazuia walio chini ya miaka 16 kuwa na akaunti, na sanduku limejaa: ni haki? Timu imegawanyika nusu kwa nusu. Nimewataka kila upande uandike hoja bora ya upande mwingine. Imewatoa jasho, na kurasa zilizotoka ni nzuri kuliko zote za mradi huu. Tumesisitiza jambo moja ambalo wengi wanalikosea: adhabu za sheria hiyo zinaielekea kampuni, si mtoto wala mzazi.

Kuhusu picha za bandia tumekumbusha ile ya Papa Fransisko akiwa na koti kubwa jeupe, iliyotengenezwa kwa akili mnemba mwezi Machi 2023 na kuaminiwa na watu wazima na akili zao. Wakati ule watu walifundishana kuhesabu vidole. Sasa vidole vinatoka sawasawa, kwa hiyo ubao wetu hauwafundishi watoto kuchungulia kasoro. Unawafundisha kuuliza picha imetoka kwa nani, na nani mwingine aliyekuwepo ameithibitisha.

Muuguzi ameniambia wamekuja wanne kwenye meza ya kona. Sikumuuliza ni akina nani.

Wiki ya 9, Ijumaa

"Kwa nini chanjo ya HPV ni ya wasichana tu? Sisi wavulana hatuugui?" Swali zuri mno. HPV ni virusi, na ndivyo vinavyosababisha karibu saratani zote za mlango wa kizazi, na Shirika la Afya Duniani limeweka lengo la asilimia 90 ya wasichana wawe wamechanjwa wakifika miaka 15, ifikapo 2030. Tangu Desemba 2022 shirika hilo limeruhusu hata dozi moja kwa walengwa wakuu, ambao ni wasichana wa miaka 9 hadi 14, na hilo linawezesha chanjo ileile kuwafikia wengi zaidi. Wavulana nao hupata virusi hivyo, huvibeba, na vinaweza kuwaletea saratani za koo na za sehemu za siri. Zipo nchi zinazowachanja. Australia ilianza mwaka 2013.

Wavulana watatu wamesimama mbele ya jibu hili kwa muda mrefu, bila kusukumana. Mmoja akanakili.

Wiki ya 10, Ijumaa

Muhula unaisha. Penseli iliyolalia kushoto haijarudi tangu wiki ya sita. Meza ya kona inaendelea. Muuguzi ameomba iwekwe kwenye ratiba ya muhula ujao, na uongozi umekubali.

Ya kufanya kabla ya kufunga: kuandika ule mpaka wa siri kwa herufi kubwa juu ya sanduku, maana karatasi ya kwanza imechakaa. Kutengeneza funguo mbili, moja ya muuguzi na moja ya msichana aliyelihamisha sanduku, anayechukua uenyekiti kutoka kwangu. Kuingiza karatasi zote kwenye bahasha moja kwa tarehe badala ya mada, ili miandiko ifuatane.

Maswali yaliyobaki ni 17. La juu kabisa limeandikwa kwa wino wa kijani: "Kwa nini wimbo nisioupenda ndio unaong'ang'ania kichwani?" Tumelipa jozi mbili za watafiti, na mwenyekiti mpya ameandika pembeni yake: kwanza tujue ni wimbo gani, na ameanza kuusikia lini.